Kigae Kilicho Juu ya Hita

Mlangoni pa bafu palitundikwa kibao cha mbao chenye maneno yaliyochongwa kwa mkono: ACHA UCHOVU WAKO HAPA. Inspekta alikisoma mara mbili, akavua viatu, akaingia. Sajini wake, mtu mzima aliyebakiza miezi mitano kustaafu, alisita kizingitini akiitazama ile sakafu nyeupe kwa mashaka.

"Na wewe vua," Inspekta alisema.

"Afande, soksi yangu imetoboka."

"Mwenye nyumba amekufa. Nani atakucheka?"

Kituoni Inspekta huyu walimwita Pasi. Wapo waliosema ni kwa sababu ya sare zake, ambazo hazikuwahi kuonekana na kunyanzi. Wapo waliosema, wakiwa mbali naye, kwamba ni kwa sababu mtu aliyejikunja kwa uongo akipita mikononi mwake hutoka amenyooka na ameungua. Yeye hakujishughulisha kuuliza ni lipi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na wengi waliidharau ile sauti wakaja kujuta.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne. Ijumaa jioni, bibi mwenye nyumba ile, mjane wa miaka sabini na mmoja, alikutwa amekufa ndani ya hodhi la kuogea, maji yakiwa bado vuguvugu. Daktari alisema hakuzama. Midomo na kucha zake zilikuwa na wekundu usio wa kawaida, na damu yake ilijaa sumu ya moto wa gesi, ile hewa isiyo na harufu wala rangi ambayo mtu huivuta huku akidhani anasinzia. Hita ya gesi ilitundikwa ukutani, upande wa miguuni pa hodhi. Jumamosi asubuhi polisi walimpitia fundi vigae aliyelijenga bafu, wakamleta aonyeshe alivyounga mabomba. Fundi aliingia, akasimama katikati, akainua macho ukutani, kisha akakaa chini palepale sakafuni.

"Ni mimi, afande," akasema. "Niandikeni."

Tangu hapo hakutamka lingine. Saa nane mchana wa leo alitakiwa kusimama mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kwa maneno yale alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Kituo kizima kiliridhika, isipokuwa Pasi. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kumwona mkosaji anayekiri kabla hajaulizwa kosa lenyewe ni lipi.

"Mtu akikimbilia jela," alimwambia Sajini njiani, "tazama nyuma yake kuna nani."

Lilikuwa bafu zuri, hilo lisemwe. Zamani lilikuwa bafu la familia, lenye pipa la plastiki, kata, na msumari wa kutundikia nguo. Sasa hodhi jeupe lilizamishwa sakafuni, kandokando limezungushiwa mawe laini ya mtoni. Palikuwa na rafu ya taulo zilizoviringishwa, mishumaa minene yenye harufu ya maua, kiti cha kamba cha kujinyoosha, na dirisha refu la kioo kizito ambalo halikuwa na bawaba wala komeo, yaani halifunguki. Kuta zilivikwa vigae vyeupe vyenye michirizi ya kijivu. Kila kitu humo kilimwambia mgeni apumzike, na mtu wa kwanza kukitii alipumzika moja kwa moja.

"Mtamaliza lini?" sauti iliuliza nyuma ya Sajini.

Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa marehemu. Mumewe alifanya kazi mji mwingine; alikuja kuzika, akarudi kazini. Mkwe huyu ndiye aliyekuwa na wazo la kuigeuza nyumba iwe ya wageni, na ndiye aliyeshika funguo zote.

"Pole na msiba," Pasi alisema.

"Tumeshapoa. Nina wageni walikuwa waje jana, wameahirisha mara moja. Hawataahirisha mara mbili."

"Ingia ndani tuzungumze."

"Humo?"

"Kwani pana nini? Si chumba cha kupumzikia?"

Mkwe aliingia, akasimama mbali na hodhi. Kucha zake ndefu nyekundu zilichezea ufunguo.

"Tangu bafu la zamani livunjwe," Pasi akauliza, "mama mkwe wako alikuwa akioga wapi?"

"Uani."

"Uani wapi?"

"Kuna kona tumeizungushia turubai. Ndoo anapelekewa."

"Na hili jipya lilipokwisha?"

"Lilipokwisha ni la wageni. Mtu mzima ana mafuta yake ya kuchua, ana vidonda vyake vya miguu. Mgeni hawezi kutoka alikotoka aje kunusa bibi wa watu."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ilikuwa yake. Akili ya kuifanya kitu ilikuwa yangu." Mkwe alishusha pumzi kwa uchovu wa mtu asiyeeleweka. "Nilimwambia kwa heshima zote, mama, siku nikikukuta mle ndani nakuhamishia stoo. Na bado akaingia. Wazee hawasikii."

Pasi aliandika neno *heshima* kwenye daftari lake, akalipigia mstari chini.

"Nani alimkuta?"

"Mimi. Nilitoka saa nane kutafuta mapazia, nikarudi saa kumi na mbili na nusu. Nafika hapa mlangoni, naona taulo langu jipya limelowa, limeviringishwa, limesukumwa chini ya mlango. Nilikasirika kwanza kwa ajili ya taulo."

"Limesukumwa kwa ndani au kwa nje?"

"Kwa nje. Nililikanyaga."

Sajini alikohoa. Alimvuta Pasi pembeni, akanong'ona kwa ile sauti yake ambayo hata jirani aliisikia. "Afande, mtu aliye ndani hawezi kuweka taulo nje. Hapa pana mkono wa mtu. Na mwenye chuki tunamwona."

"Chuki siyo ushahidi. Dukani ulikwenda?"

Sajini alikwenda, jana. Muuza mapazia aliapa kwamba Mkwe alikaa dukani mwake tangu saa nane na robo hadi anafunga, akibishana rangi mpaka mashine ya kushonea ikazimwa. Mtu mmoja hawezi kuwa dukani anakera watu na wakati huohuo nyumbani anaua.

"Basi mwache," Pasi alisema, ingawa ni wazi alitamani iwe vinginevyo.

Akainua macho ukutani, mahali alipopatazama fundi siku ya Jumamosi. Alisimama hivyo muda mrefu. Michirizi ya vigae vyote ilipanda kutoka kushoto kwenda kulia, kigae kikipokea pale mwenzake alipoachia, ukuta mzima ukawa kazi moja. Juu ya hita palikuwa na kigae kimoja ambacho michirizi yake iliteremka.

Alitoa sarafu mfukoni, akagonga kigae cha jirani. Kilijibu kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba. Akagonga cha juu yake, vilevile. Akagonga kile kilichoteremka. Kililia kama debe.

"Sajini, shemeji yako si fundi?"

"Mzuri tu, tatizo lake ni pombe."

"Anabandikaje kigae?"

"Anapaka gundi ukuta mzima kwa mwiko wenye meno, afande, ndipo anakandamiza. Na nyuma ya kila kigae kuna mshale. Yote lazima ielekee juu. Shemeji hata awe amelewa hajui jina la mkewe, mshale anauangalia kwanza."

Pasi alimgeukia Mkwe. "Hapo juu ya hita palikuwa na nini?"

"Tundu."

"La nini?"

"La hewa, sijui. Fundi aliling'ang'ania. Nilimwambia alizibe, mgeni amelala ndani ya hodhi, mishumaa inawaka, anatazama tundu lenye wavu kama la jiko la shule. Akakataa katakata. Akasema lile tundu ndiyo pua ya chumba."

"Alikueleza kwa nini?"

"Alieleza. Mafundi wanaeleza sana. Sikusikiliza."

"Lilizibwa lini?"

"Natoka Ijumaa lilikuwa wazi. Wakati wanamtoa mama nikaona limeshazibwa. Nikasema moyoni, afadhali fundi katia akili."

"Siku nne hizi hukutuambia."

"Nani aliniuliza?"

Pasi akamwashiria Sajini. Sajini alipanda kwenye ukingo wa hodhi, tundu la soksi likiwa hadharani, akachomeka bisibisi kwenye ukingo wa kigae.

"Mtaniharibia ukuta," Mkwe alisema.

"Ukuta wako umeua mtu, mama. Vumilia."

Kigae kilitoka bila kubishana. Nyuma yake mshale ulielekea kushoto. Chini yake palikuwa na kipande cha ubao kilichopachikwa kwa nguvu mdomoni mwa tundu, na juu ya ubao madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati. Hayakupita mwiko hapo. Gundi ilikandamizwa kwa vidole, na vidole vyenyewe vilibaki humo vimeganda: vyembamba, vifupi, na alama ya ukucha haipo hata moja. Sajini alipochomoa ubao, upepo wa nje uliingia na kuzungusha vumbi juu ya hita.

Pasi alimshika Mkwe mkono, akaugeuza, akazitazama zile kucha nyekundu.

"Wewe huwezi hata kukanda unga," alisema.

"Sijawahi kulazimika."

"Nani mwingine alikuwa nyumbani Ijumaa mchana?"

"Wifi yangu tu. Mziwanda." Ndivyo nyumba nzima ilivyomwita yule binti, mtoto wa mwisho wa marehemu. "Lakini huyo si wa kuhesabu. Wiki tatu kamshikia fundi ndoo, anachekecha mchanga, anajipaka saruji hadi kope. Nilimwambia, wifi, ukitaka mume tafuta mwenye shati safi. Kula bure anajua, kulala anajua, sasa anataka na ufundi."

"Yuko wapi?"

"Si yuko kituoni kwenu. Kila siku anakwenda kuwalilia mumnyonge fundi."

Na kweli, walipofika kituoni saa tano, Mziwanda alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mahali pake pa siku ya tatu sasa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amevimba macho, sauti imemkauka. Jumapili alimtemea fundi mate kupitia nondo za mahabusu. Jumatatu alimwambia kila aliyepita kwamba fundi yule aliunga bomba la gesi kihuni, likavuja, likamuulia mama yake, na kwamba kama sheria haina meno yeye anayo. Askari wa zamu alikuwa amemwonea huruma akampa chai, akaikataa.

Pasi alimwingiza ofisini, akafunga mlango. Sajini akakaa na karatasi zake. Ule ubao na kile kigae vilikuwa mezani, vimefunikwa gazeti.

"Saa nane anasomewa, si ndiyo, afande?" Mziwanda aliuliza kabla hajakaa.

"Ndiyo."

"Atafungwa mingapi?"

"Inategemea."

"Mimi nataka afie humo. Nilimwamini. Nilimwambia mama, huyu kaka anajua kazi yake."

"Kaa chini. Nani alimwambia mama yako aingie bafuni siku ile?"

Binti alikaa. Alitazama mlango, kisha akautazama mkono wa Sajini wenye kalamu.

"Wifi atajua?"

"Nijibu."

"Mimi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Wifi alikuwa hayupo. Mama kaoga uani miezi miwili, afande, asubuhi na baridi, turubai linapeperuka, wapita njia wanamwona mgongo. Ndani ya nyumba yake. Nikamwambia, mama, leo wewe ndiye mgeni wa kwanza. Nikamjazia maji, nikawasha hita, nikamwashia mishumaa. Aliogopa kuingia, eti atayachafua mawe. Nikamshika mkono. Alipokaa ndani ya maji alicheka, akasema, kumbe watu wanaishi hivi."

"Ukamwacha humo."

"Alisema nimwache. Alisema kwa mara ya kwanza goti halimuumi."

"Na taulo la mlangoni?"

"Niliyeliweka ni mimi. Harufu ya mishumaa ilikuwa inafika ukumbini, na wifi ana pua. Nikaliloweka maji nikaziba chini. Halafu nikaenda kupika. Nilijua akichoka ataniita."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Pasi hakumtazama. Sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

"Na tundu la juu ya hita?"

"Tundu lipi?" Mziwanda alifikiri. "Ah, lile. Nililiziba mimi."

"Wewe."

"Mchana uleule, wifi alipotoka tu. Nilikata ubao, nikachanganya gundi iliyobaki, nikabandika kigae peke yangu." Katikati ya kilio chake palikuwa na kitu kingine sasa, kidogo, na Pasi alikitambua: binti alikuwa anajisifu. "Hakuna aliyejua kwamba naweza. Wifi kila siku ananiita mla bure. Fundi alikataa kuliziba, wifi analalamika, nikasema nitaliziba mimi nimfunge mdomo."

"Fundi hakukueleza lile tundu ni la nini?"

"Alinifundisha kupima, kukata, kuchanganya gundi. Siku waliyogombana na wifi juu ya tundu mimi nilikuwa nje na mchanga." Akainua uso. "Kwani lina nini?"

Wapo wapelelezi ambao hapa wangeomba maji, wangezunguka mbuyu, wangemwita ndugu amshike bega. Pasi hakuwa mmoja wao. Aliondoa gazeti, ule ubao wenye vidole ukabaki wazi mezani.

"Bomba la gesi halikuvuja," alisema. "Tumelipima mara mbili, liko imara. Hita ikiwaka, moto wake unatoa sumu, na sumu ile ilikuwa itokee kwenye tundu. Uliziba tundu, ukaziba mlango, katikati ukamweka mama yako."

"Afande," Sajini alisema taratibu, kama anayeomba.

"Andika, Sajini."

Mziwanda aliutazama ubao. Alinyoosha mkono, akaweka kidole kimoja kwenye alama mojawapo, kikaingia sawasawa, akakichomoa haraka akakifutia kwenye sketi. Alifuta tena na tena. Sajini aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Fundi anajua?" hatimaye binti aliuliza.

"Alijua Jumamosi, alipoinua macho tu."

"Ndiyo maana amesema ni yeye?"

"Nadhani hivyo. Anakubebea."

Nje askari wa zamu alikuwa anamfokea mtu asiyejua kujaza fomu. Mziwanda alivuta kamasi, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, na alipoishusha mikono alikuwa ameacha kulia.

"Basi si ameshakiri, afande?"

"Nini?"

"Ameshakiri. Mmeshaandika. Saa nane haiko mbali." Maneno yalimtoka mbiombio. "Wifi akijua nitaishi wapi? Ataniambia kila siku, mezani ataniambia, mbele ya wageni ataniambia. Kaka hatanitazama tena. Yule hana mama, hana mtu, alinieleza mwenyewe. Ametaka mwenyewe kusema. Hamkumpiga. Muacheni na maneno yake."

Pasi alikuwa ameshakaa meza moja na wanaume waliochinja ndugu zao, na wanawake waliowatilia wake wenza sumu kwenye uji. Hata hivyo alichelewa kujibu, na Sajini aliyemfahamu miaka tisa aliona kwamba imemuuma.

"Mlete fundi," alisema.

Fundi aliletwa pekupeku, mkono mmoja umeshika suruali isianguke, maana mkanda ulichukuliwa siku aliyoingia. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, viganja vimepasuka kwa saruji. Alimwona Mziwanda, akaona kigae mezani, akajiegemeza mlangoni. Sajini alimsogezea kiti.

"Kigae hiki hakikubandikwa na mkono wako," Pasi alisema.

"Ni kazi yangu, afande."

"Usinifanye mtoto. Mshale umelala, gundi imekandwa kwa vidole, na vidole siyo vyako. Amesema mwenyewe kwamba ni yeye. Kilichobaki ni wewe kuacha uongo."

Fundi aliikaza suruali mkononi.

"Basi nikueleze na jingine, ulijue kabla hujaenda kuoza kwa ajili yake." Pasi alikazia kila neno. "Nimemwambia kwamba umembebea. Unajua alijibu nini? Alisema, si ameshakiri. Muacheni na maneno yake. Huyo ndiye unayemfia."

Alitaka limchome, na alimtazama usoni aone likiingia. Mziwanda aligeukia ukuta. Lakini fundi hakuchomeka. Aliinama tu, akasema, "Amesema vizuri."

"Una wazimu?"

"Afande, hamkunisikiliza. Mimi sikusema nimekibandika. Nilisema ni mimi."

Sajini aliinua kichwa.

"Ijumaa saa kumi nilirudi kuchukua mwiko na ndoo zangu," fundi aliendelea. "Akanifungulia mlango, akanishika mkono, akanipeleka mpaka bafuni nimefumba macho, akaniambia nifumbue. Nikafumbua. Nikaona. Lile tundu nililitoboa mwenyewe, nilijua ni la nini. Gundi ilikuwa mbichi. Ningekitia kidole kimoja kingeanguka."

"Ukafanya nini?"

"Alikuwa anacheka, afande." Fundi alikitazama kigae. "Wiki tatu ndani ya nyumba ile sikuwahi kumwona anacheka. Asubuhi anatukanwa, mchana anatukanwa, jioni anatukanwa kwa kuwa mchana alinuna. Nikashindwa. Nikamwambia safi. Nikamwambia hata mimi nisingeweza hivyo. Nilijua wageni ni Jumatatu. Nikasema kesho asubuhi nitapita, nitakitoa mwenyewe, nitamwambia kimeanguka usiku kwa sababu ya joto. Kesho yake asubuhi mkanipitia nyinyi."

"Hukumwambia hata asiwashe hita."

"Ningemwambia asiwashe, angeuliza kwa nini."

"Mchelea mwana kulia," Sajini alianza, akaishia hapo, akashika kalamu yake.

Asubuhi yote Pasi alikuwa akilifuata kosa la mtu mwingine nyuma ya fundi, akalipata kweli, na bado fundi alikuwa amemwambia ukweli mtupu tangu Jumamosi. Hilo halikumfurahisha. Alivuta hati ya mashtaka, akaisoma, akairudisha mezani.

Mziwanda aligeuka. Alimsogelea fundi taratibu, na Sajini akajiandaa kumzuia, kwa kuwa alimwona Jumapili anavyotema mate. Safari hii hakutema.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Nilikuuliza, kweli kiko sawa?"

"Ndiyo, uliniuliza."

"Mama alikuwa jikoni. Wakati unaniambia safi, mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Alikusalimia."

"Alinisalimia."

"Ulimwitikia."

"Nilimwitikia."

Fundi alifunika uso kwa mkono wake wa bure. "Afande, mniandike mimi peke yangu," alisema kutoka nyuma ya mkono. "Mmoja anatosha."

"Hatununui nyanya hapa," Pasi alisema, na ukali wake ulikuwa umepwaya. "Sajini, hati ile irudiwe. Andika majina mawili. Umwambie karani tutachelewa."

Sajini aliandika. Halafu alisimama mbele ya binti, akamwomba radhi kwa mikono yake mikubwa, akamwambia avue hereni, mkufu na viatu, ndiyo taratibu. Mziwanda alivua hereni moja, ya pili ikamgomea. Alihangaika nayo, macho yake hayakumtoka fundi.

"Nyumba nzima ilinisema," alimwambia. "Kila siku, kwa kila kitu, hata nisichofanya. Nilizoea. Ungesema kibaya ningelia dakika mbili, ningekiondoa."

Fundi aliuondoa mkono usoni.

"Wewe ndiye pekee uliyenihurumia," binti alisema, "ukaniulia mama."

Hereni ilitoka. Akaiweka kiganjani mwa Sajini, akainama kuvua viatu.